Sindikiza Ukucha Wako

Hebu niambieni nyinyi wasichana mliobaki kliniki: mtu akiona ukucha wa mguu wake umegeuka njano, umekuwa mnene kama gamba la kobe, anamkimbilia nani kwanza? Musawo, daktari? Hee! Mngekuwa mnakaa Kalerwe hapa Kampala miaka yote niliyokaa mimi, msingejibu haraka hivyo. Anamkimbilia fundi wa magari ampe maji ya betri. Akishaungua, anamkimbilia mama anayeuza sumu ya panya, kwa sababu yule mama hakosi kitu cha kupaka. Halafu anatia rangi nyekundu juu yake, anavaa viatu vya kufunika, anakaa kimya. Siku akija kwetu, anataka kupona Ijumaa, kwa sababu Jumamosi ana kwanjula.

Kwanjula, banange! Hiyo sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwa wazazi ndiyo imenizeesha. Sherehe yenyewe tamu, chakula kinajaa, sina neno nayo. Lakini wanawake tunavua viatu, tunakalia mkeka, miguu tunakunja pembeni, na vidole vyote viko nje vinaangaliwa na wakwe. Basi wiki ya kwanjula kliniki inajaa. Wananiita Jaja, bibi: "Jaja, nisaidie, Jumamosi nakalia mkeka." Ukucha umeumwa tangu mtoto wake anaanza darasa la kwanza, sasa mtoto anaolewa ndiyo amekumbuka!

Mmeniomba niwaachie maneno, sasa nimeacha kazi, magoti yamekataa. Mimi shule niliionja tu, na Kiswahili changu ni cha kambini, baba yangu alikuwa askari na mume wangu pia. Kwa hiyo naongea, na mjukuu wangu Sauda anaandika kwenye simu yake. Nimemwambia aandike vile ninavyosema, asinipambe. Kupamba ndiyo kazi yake, ana kibanda cha kucha kule Kyambogo, anawapaka rangi wasichana wa chuo. Na yeye yumo humu ndani, atafika zamu yake. Asicheke.

Niliingia kliniki kufagia. Mume wangu alikuwa amefariki, Yusufu wangu bado mdogo, na musawo Opio alikuwa anatafuta mtu wa ufagio. Opio alikuwa mtu wa ngozi na kucha, mrefu, mkimya, wa kaskazini kama sisi. Siku ya kwanza nikamkuta ameinama kwenye mguu wa mzee mmoja. Anakwangua chini ya ukucha, ule unga unaanguka kwenye karatasi, anaikunja karatasi taratibu kama mtu anafunga dhahabu. Halafu anaondoka nayo kwenda chumba cha nyuma.

Nikashika ufagio wangu vizuri. Nikasema moyoni, Ya Rabi, nimeajiriwa na mchawi.

Nyinyi mnacheka, lakini kwetu mtu anayekusanya kucha na nywele za wenzake anajulikana ni mtu gani. Mama yangu alikuwa anakata kucha zetu na kuzizika palepale. Na yule mzee akawa na mawazo kama yangu, maana alisimama na mguu mmoja umevaa kiatu, mwingine mtupu, akauliza, "Sebo, bwana, kucha yangu inakwenda wapi?"

Opio hakukasirika. Akasema, "Mzee, isindikize."

Basi yule mzee akamfuata mpaka chumba cha nyuma, na mimi na ufagio wangu nikafuata. Tukamwona anaweka ule unga juu ya kioo kidogo, anatia tone la dawa kali, ile inayoyeyusha ukucha na kuacha fangasi peke yake, anangoja, anaweka chini ya darubini. Akamwambia mzee achungulie. Mzee akachungulia mpaka nikadhani amelala. "Naona mizizi," akasema. "Kama mizizi ya nyasi." Opio akamwambia hiyo mizizi ndiyo inakula ukucha wako, hakuna jirani aliyekuroga. Kilichobaki kwenye karatasi akakichoma mbele yake. Mzee alitoka akamwambia kila mtu sokoni kwamba ameona ugonjwa wake kwa macho.

Ndiyo ikawa desturi yetu, mgonjwa anasindikiza ukucha wake. Kliniki nyingine wanacheka. Wacha wacheke, wagonjwa wao wanakimbia.

Opio aliniona naangalia sana, akanitoa kwenye ufagio akanipa koleo la kucha. Nyinyi mnalijua, lile zito lenye mdomo mfupi. Akanifundisha kuloweka mguu, kukausha, kupaka spiriti. Akanifundisha ule unga unaoanguka wenyewe pale mwisho wa ukucha ni takataka, fangasi wake wamekufa. Unatupa huo, unaingia ndani, karibu na mahali ukucha mzima unapoanzia, unakwangua hapo. Na kwanza unauliza: umepaka nini? Mgonjwa atasema hajapaka kitu. Unauliza tena. Hajapaka. Unauliza mara nyingine na koleo liko mkononi, ndiyo anasema, "Labda ile dawa ya kupaka ya tyubu kidogo, na kitunguu saumu, na mafuta ya taa." Sasa darubini itaona nini? Fangasi wamejificha, mgonjwa ananuna kwamba kliniki yetu haijui kazi.

Dawa ndiyo kichwa kinauma zaidi. Kuna vidonge, vya miezi, na kabla ya vidonge unapimwa damu kuona maini yako yako sawa. Kuna ile dawa laini ya kulainisha ukucha, unapaka, unafunga plasta, unaupunguza kwa tupa. Na lazima utibu na katikati ya vidole, na soksi zikauke, na viatu vipate jua. Haya yote wanasikiliza, wanatikisa kichwa. Afande mmoja, polisi wa barabarani, alisikiliza vizuri kuliko wote. Karudi baada ya muda, ukucha vilevile.

"Afande, vidonge umekunywa?"

"Tumekunywa."

"Wewe na nani?"

"Na wenzangu wa chumbani. Wote tuna kucha mbaya, Mama. Buti ni zile zile. Nikagawa kama posho, kila mtu akapata."

Niliweka koleo chini nikatoka nje kupunga hewa.

Halafu wanaacha katikati. Wanasema, "Jaja, nimekunywa mwezi mzima, ukucha bado mbaya." Nawaambia, ukucha mbaya haugeuki ukawa mzuri! Huo umeshaharibika, unasukumwa nje na mpya, kama foleni ya bomba la maji, wa nyuma anamsukuma wa mbele. Na wa kidole gumba cha mguu ni mvivu, unataka mwaka na zaidi. Opio alikuwa na ujanja wake. Anachukua tupa, anakwaruza mstari mdogo pale ubaya unapoishia na uzima unapoanza. Anamwambia mgonjwa, huu ni mpaka. Kila mwezi uangalie. Mstari ukisogea mbele na ubaya haujauruka mpaka, dawa inafanya kazi. Watu waliokuwa na mstari wao walikuwa na subira. Mtu anapenda kuona kitu kinatembea.

Na kitu kimoja alikirudia mara nyingi mpaka nikachoka kukisikia. Alisema, "Mama, si kila ukucha mbaya ni fangasi. Kuna uliogongwa na mlango. Kuna wa ugonjwa wa ngozi. Na sisi weusi tuna mistari ya kahawia kwenye kucha nyingi tangu zamani, huo ni urithi, uache. Lakini ukiona weusi kwenye ukucha mmoja tu, unapanuka, na umetoka kwenye ukucha ukapanda juu ya ngozi kama wino uliomwagika, weka koleo chini. Usikwangue. Usimpe dawa ya fangasi. Mpeleke hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa kansa, na ukimwambia ni fangasi umemzika."

Miaka ikapita, wino sikuuona. Opio akazeeka, akarudi kwao, tukapata musawo mpya, msichana mwema, na desturi ya kusindikiza hakuiondoa. Mimi nikawa Jaja Kucha.

Sasa niwaambie habari ya Zaituni.

Zaituni ni rafiki yangu tangu kambini, waume zetu walikuwa kikosi kimoja. Anauza kabalagala, zile keki ndogo za ndizi, pale Kalerwe, anazikaanga tangu asubuhi, na mdomo wake unachemka kuliko mafuta. Nyumba yake iko Kasubi. Huyu alikuwa na fangasi kweli, kucha mbili za mguu wa kushoto, darubini ilisema, na alipewa vidonge. Akanywa wiki chache akaacha, eti jirani amemwambia vinakula maini. Nikagombana naye. Akasema, "Mama Yusufu, maini ni yangu na kucha ni zangu, wewe una nini humu?" Akaanza kupaka rangi.

Na nani alikuwa anampaka? Andika, Sauda. Andika jina lako.

Miezi ikaenda. Siku moja Zaituni akaniambia, kwa kupita tu, anageuza kabalagala, kwamba ule ukucha wa kidole gumba, wa mguu wa kulia, sasa na wenyewe umeharibika, umekuwa mweusi. Nikamwambia njoo kliniki tuutazame. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniinamia sikioni.

"Sasa hivi hapana. Binti yangu anatambulisha mchumba, mwanamume ana duka lake na gari. Unajua wivu wa watu? Kucha yangu haitoki mwilini mwangu kabla ya kwanjula. Ikiingia mkono mbaya, harusi inakufa."

"Lakini utaisindikiza! Unajua desturi yetu!"

"Naisindikiza mpaka kwenye kioo. Baada ya kioo nani anajua?"

"Inachomwa mbele yako, Zaituni."

"Moshi nao unakwenda mahali."

Sasa mtu wa namna hiyo unamjibu nini? Moshi! Nilimwambia basi kaa na ukucha wako, nikanunua kabalagala zangu nikaenda. Nilidhani ni fangasi wale wale wamehama mguu.

Siku ya kwanjula ikafika, kwa Zaituni Kasubi. Hema, viti vya wageni, wakwe wamejipanga, sisi wanawake wa nyumbani kwenye mikeka na magomesi yetu, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka. Nilikaa nyuma ya Zaituni kidogo. Msemaji wa wakwe alikuwa anatoa mashairi marefu, ng'ombe wanasifiwa, na mimi, macho yangu yamezoea kazi, yakashuka yenyewe kwenye miguu ya watu. Miguu ya Zaituni imekunjwa pembeni. Kucha zinang'aa nyekundu, kazi safi kabisa ya Sauda. Lakini kwenye kidole gumba cha kulia, pale rangi nyekundu inapoishia na ngozi inapoanza, kulikuwa na weusi. Weusi umetoka chini ya rangi, umepanda juu ya ngozi.

Kama wino uliomwagika.

Watu wakapiga vigelegele, sijui ni kwa nini, masikio yangu yalikuwa yamefungwa. Nikasogea kwenye mkeka mpaka nikamgusa bega.

"Zaituni. Huo mguu."

"Nyamaza, wakwe wanaangalia."

"Kesho tunakwenda hospitali kubwa."

"Mama Yusufu, leo umeacha kazi yako nyumbani au umekuja nayo kwenye gomesi?"

"Hiyo si fangasi."

Aligeuka. Alinijua kwa miaka yote hiyo, na aliona uso wangu. Akauvuta mguu wake chini ya gomesi. Halafu binti yake akaletwa, amepambwa, amependeza kama nini, akapiga magoti mbele ya mama yake, na Zaituni akatabasamu na machozi, watu wote wakadhani ni ya furaha. Mimi peke yangu nilijua yamechanganyika.

Tulikwenda siku iliyofuata. Sauda alikuja asubuhi kutoa rangi, na rangi ilipotoka, akaiweka pamba chini. Ukucha wote mweusi, umepasuka katikati. Nikamuuliza mjukuu wangu, "Hukuuona huu wakati unapaka?"

"Niliuona, Jaja."

"Ukafanya nini?"

"Nikaongeza mkono mwingine wa rangi. Alisema hataki uonekane."

Wallahi nilitaka kumchapa kama mtoto wa miaka mitano. Rangi juu ya rangi juu ya rangi! Lakini Zaituni alisema, "Muache, mimi ndiye nilimtuma." Tukapanda gari.

Hospitali kubwa madaktari waliangalia, wakaangaliana, wakasema lazima wakate kipande cha ukucha na nyama ya chini yake, kiende kupimwa. Zaituni akauliza kinakwenda wapi. Maabara. Akasema basi anakwenda nacho. Yule kijana wa maabara akasema, "Nyabo, mama, wagonjwa hawaingii huko." Zaituni akavaa kiatu chake. Mkono wangu ukamshika gomesi.

"Zaituni, ukitoka hapa utakufa."

"Nitakufa nikiwa mzima, kucha zangu zote ninazo."

"Binti yako bado hajaolewa. Harusi nani atakalia kiti cha mama?"

Akaangalia kiatu chake. Kijana wa maabara amesimama pale, hajui aende au abaki. Nilimwangalia Zaituni, yule anayewagombeza wateja wake wote, nikaona ni mwoga tu, mwoga kama mimi siku ile na ufagio. Mwishoni akanipa mkono.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye ukisindikize. Usitoe jicho."

Basi wakakata, kipande kikaingia kwenye kichupa, na mimi na magoti yangu haya nikamfuata yule kijana, ngazi kwa ngazi, korido kwa korido. Alikuwa anatembea haraka, anadhani nitachoka. Kwenye mlango akasema, "Jaja, hapa mwisho." Nikamwambia, sawa mwanangu, kuna benchi, mimi nipo. Nilikaa kwenye lile benchi mpaka wanafunga. Kila aliyetoka mle ndani nilimwangalia mikono. Yule kijana alipotoka akanikuta bado nipo, akacheka, akarudi, akafungua mlango kidogo akanionyesha kichupa kwenye rafu yake na jina la Zaituni juu. Nikarudi nikamwambia rafiki yangu: nimekiona, kipo, hakuna aliyekigusa ila wenye kazi.

Majibu yalikuwa vile nilivyoogopa. Lakini daktari alisema haijatembea, imebaki kwenye kidole. Kidole kikikatwa, mtu anabaki.

Zaituni alikubali bila vita, jambo ambalo lilinitisha kuliko vita. Sharti lake lilikuwa moja, apewe kidole chake. Akapewa. Alipopata nguvu kidogo tulikizika nyuma ya nyumba yake Kasubi, sisi wawili tu, yeye amesimama na fimbo, mimi nachimba kwa jembe, nakasirika, maana udongo ulikuwa mgumu na yeye anatoa amri. Nilipomaliza kufukia, akainama kidogo akaliambia lile shimo:

"Haya, wewe tangulia. Lakini safari hii mimi sikusindikizi."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia kwenye ua. Harusi alikalia kiti cha mama, viatu vya wazi, vidole tisa, hakuna rangi hata tone. Na anaendelea kwenda kuangaliwa hospitali, na kulalamika, na kukaanga kabalagala. Zile kucha zake mbili za fangasi? Ameanza vidonge upya. Nimemkwaruzia mstari wake kwa tupa mimi mwenyewe, ndiyo kazi yangu ya mwisho kabla sijaacha, na kila nikipita Kalerwe ananiinulia mguu katikati ya wateja: "Umesogea! Tazama, umesogea!" Mbele ya chakula cha watu. Sina la kufanya na yule mwanamke.

Kwa hiyo nyinyi, mkiniambia watu wanachosha, najua. Watagawana vidonge kama posho. Watakudanganya na mafuta ya taa yananuka. Kasirikeni, mimi nimekasirika maisha yangu yote ya kazi na sijafa. Lakini toa rangi, uangalie. Na mtu akiuliza ukucha wake unakwenda wapi, usimcheke, nyanyuka uende naye.

Huyu Sauda sasa anaandika huku analia, machozi yanadondoka kwenye simu, ataiharibu. Nimemuuliza, na wewe je? Kule Kyambogo wasichana wanakuja wamechelewa, bi harusi gari linangoja nje linapiga honi, anakunyooshea kidole kibovu anasema paka tu, paka haraka. Utafanya nini?

Amejifuta uso. Amesema, "Jaja, kila kidole nitakiangalia kitupu kwanza. Nikiona kibaya sipaki. Nitafunga kibanda, honi ipige, na nitamsindikiza mwenyewe mpaka kliniki."